Shule tisa za famasia Texas: namna ya kuzipima kwa ada ya mkazi na kuchagua moja

Kila harusi au msiba wa Waswahili hapa Houston, kabla sahani ya pilau haijapoa, mzazi mmoja atanivuta pembeni. "Mwanangu anataka famasia. Shule gani nzuri?" Zamani nilikuwa nataja jina moja harakaharaka ili nirudi kwenye pilau. Siku hizi namrudishia maswali matatu: kijana anaishi wapi, ana makaratasi gani, na nyumbani kwenu kuna watoto wangapi wa kulea? Majibu ya hayo matatu huwa yameshachagua nusu ya shule kabla hatujafungua tovuti yoyote.

Mwongozo huu ni wa Texas kwa sababu ndiko ninakokujua, na kwa sababu Waswahili wamejaa hapa: Wakenya na Watanzania wa Houston na Dallas, Wakongo na Warundi waliopokelewa kama wakimbizi Abilene, na wengine Fort Worth na Amarillo. Ukiwa jimbo jingine, njia ya kupima ni hiihii, ila sheria za ukazi tafuta za kwenu.

Ujue kwanza unalipia nini

Mfamasia wa Marekani anahitaji shahada ya PharmD, yaani udaktari wa famasia. Kwa kawaida ni miaka minne, juu ya masomo ya awali yasiyopungua miaka miwili ya chuo. Ukihitimu unafanya mtihani wa kitaifa uitwao NAPLEX na mwingine wa sheria za dawa, ndipo Texas State Board of Pharmacy ikupe leseni. Bila leseni, PharmD ni cheti cha kutundika sebuleni.

Neno moja kwa aliyesoma ufamasia nyumbani, kwa sababu watu wamepoteza miaka hapa. Kuna njia ya kuthibitishiwa shahada ya nje, iitwayo FPGEC, isiyokulazimu kuanza upya. Lakini ukiwa umehitimu kuanzia tarehe 1 Januari 2003, wanataka shahada ya miaka mitano. Aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako BPharm, shahada ya kwanza ya famasia, ni miaka mitano, mlango uko wazi. Aliyesoma MUHAS, chuo cha afya cha Muhimbili, kwa miaka minne anakwama hapo, hata awe na uzoefu wa miaka 15 Muhimbili. Hilo lithibitishe kabla hujalipa senti kwa mtu yeyote anayejiita wakala.

Hatua ya kwanza: jua kama wewe ni mkazi kwa macho ya chuo

Vyuo vya umma vina bei mbili, ya mkazi wa jimbo na ya mgeni, na tofauti yake kwa mwaka inaweza kununua gari. Sasa, kuwa na leseni ya udereva ya Texas hakukufanyi mkazi wa chuo. Texas ina njia mbili kuu.

Ya kwanza ni makazi: uwe umeishi Texas miezi 12 mfululizo kabla ya siku chuo kinapohesabu wanafunzi, na uwe na kitu kinachoonyesha umeweka mizizi, kama ajira, nyumba au biashara. Kama bado unategemea wazazi, yanaangaliwa makazi ya mzazi. Ya pili ni sekondari: uwe umemaliza sekondari ya Texas, umeishi jimboni miezi 36 kabla ya kumaliza, na miezi 12 kabla ya siku ile ya kuhesabiwa.

Familia zetu huteleza mahali pawili. Kijana anatoka Mombasa, anakuja kukaa kwa mjomba mwenye nyumba na uraia, na wote wanadhani ukazi wa mjomba utamfunika. Haumfuniki. Mjomba si mzazi mbele ya sheria, isipokuwa mahakama imempa ulezi. Na aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, hajengi makazi kwa kukaa tu, hata akikaa miaka mitano akilipa kodi ya nyumba bila kuchelewa. Mwenye green card anaruhusiwa kujenga makazi kama raia, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi vilevile.

Kwa wasio na makaratasi mambo yamebadilika. Tangu 2001 sheria ya Texas iliwaruhusu waliomaliza sekondari hapa kulipa ada ya mkazi. Mwezi Juni 2025 mahakama ya shirikisho iliisimamisha kwa wasio na hali halali ya uhamiaji. Kama hili linakugusa, usijaze fomu kwa kubahatisha. Muone kwanza mwanasheria wa uhamiaji.

Kuna mlango mdogo wa pembeni ambao wengi hawaujui. Mwanafunzi mgeni akishinda skolashipu ya ushindani ya angalau dola 1,000 kwa mwaka, inayotolewa na chuo chenyewe, chuo cha umma kinaweza kumtoza ada ya mkazi. Nafasi zina kikomo. Iulize ofisi ya misaada ya fedha kwa maneno hayohayo. Usingoje wakuambie wao.

Hatua ya pili: weka shule zote mezani

Ziko tisa. Mjini Austin kuna University of Texas, shule kongwe iliyoanzia Galveston mwaka 1893 na kuhamia Austin 1927. Houston ina mbili za umma: University of Houston na Texas Southern University, ambayo ilianzishwa 1947 kwa ajili ya Wamarekani Weusi wakati wa ubaguzi. Texas Tech ina kampasi Amarillo, Abilene na Dallas. Texas A&M iko Kingsville, kusini kabisa, na pia College Station; imepewa jina la Irma Rangel, mbunge aliyepigania shule hiyo ipelekwe upande ule wa jimbo uliosahaulika. Fort Worth kuna shule ya University of North Texas, Tyler kuna ya UT Tyler, na El Paso kuna ya UTEP. Ya tisa ni University of the Incarnate Word ya San Antonio. Hiyo ni ya binafsi, ya Kikatoliki, na habari za ada ya mkazi haziihusu.

Usiifute ya binafsi mapema, lakini pia usidanganywe na barua ya skolashipu. Punguzo la dola 10,000 kwenye bei kubwa linaweza kukuacha juu kuliko bei ya mkazi isiyo na punguzo lolote. Soma namba ya mwisho, si ile ya kwanza.

Na Texas ni pana. Houston hadi El Paso ni kama kilomita 1,200. Mtu wa Dar afikirie Mwanza. "Ndani ya jimbo" inaweza kumaanisha dakika 20 kwa gari au siku nzima barabarani.

Hatua ya tatu: pekua matokeo, achana na sifa

Hapa ndipo napenda watu wakae muda mrefu, na ndipo wengi wanapopita mbio.

Anza na ithibati. Shule za PharmD zinathibitishwa na ACPE, baraza la ithibati la elimu ya famasia, na hali ya kila shule iko wazi kwenye tovuti yao. Unataka kuona ithibati kamili. Ukikuta "candidate," maana yake shule bado inasubiri kuhitimisha darasa lake la kwanza. Ukikuta "probation," soma sababu mpaka mwisho.

Kisha chukua namba mbili: asilimia ya wanaomaliza kwa wakati, na asilimia ya wanaofaulu NAPLEX kwa jaribio la kwanza. Zote hutangazwa. NABP, wenye mtihani, hutoa matokeo ya kila shule kila mwaka, na ACPE huzitaka shule ziweke takwimu zao hadharani. Kwa taifa zima ufaulu wa kwanza ulikuwa juu ya asilimia 90 mwaka 2014; mwaka 2023 ulikuwa umeshuka chini ya 80. Kwa hiyo shule yenye 90 leo inafanya kazi, na yenye 65 inakuambia kitu.

Shule itakuonyesha ile namba nzuri kati ya hizo mbili. Wewe zizidishe. Tuseme wameingia wanafunzi 100. Asilimia 80 wanamaliza kwa wakati, na katika hao asilimia 80 wanafaulu mara ya kwanza. Hao ni 64. Shule ya pili ina ufaulu wa asilimia 90, inajitangaza mpaka kwenye mabango, lakini wanaomaliza kwa wakati ni 65. Hao ni 58 na ushei. Ile ya mabango imewachuja dhaifu njiani, na aliyechujwa mwaka wa tatu ameondoka na deni la miaka mitatu bila shahada.

Angalia miaka mitatu kwenda nyuma, si mmoja. Darasa likiwa na watu 40, mtu mmoja ni asilimia mbili na nusu nzima. Watu wanne wakiwa na mwaka mbaya, shule inaonekana imeanguka kumbe haijaanguka.

Anayefeli NAPLEX hapotezi kila kitu, lakini lazima angoje siku 45 kabla ya kurudia. Huo ni mwezi na nusu au zaidi bila mshahara wa mfamasia, na mwajiri aliyeahidi kazi hana wajibu wa kusubiri.

Kama unalenga hospitali kubwa, uliza na namba ya tatu: wangapi waliomba mafunzo ya baada ya shahada, wale wanayaita "residency," na wangapi walipata. Kama lengo lako ni duka la dawa la mtaani, namba hiyo isikunyime usingizi.

Hatua ya nne: hesabu mpaka siku ya leseni

Fungua jedwali, kila shule mstari wake. Ada ya miaka yote minne. Ada ndogondogo, ambazo si ndogo: maabara, teknolojia, bima ya afya. Pango. Chakula. Gari, maana nje ya katikati ya miji mikubwa Texas haina daladala. Halafu ada za mitihani na leseni mwishoni.

Mwaka wa nne uweke peke yake. Huo ni mwaka wa mafunzo ya vitendo, rotesheni, na kiwango cha chini ni saa 1,440. Gawanya kwa saa 40 za wiki, unapata wiki 36 za kazi ya kutwa isiyolipwa, na ada unaendelea kulipa. Aliyezoea kubeba boksi usiku ili ajikimu atakuta hapo nguvu hazitoshi. Uliza rotesheni ziko wapi. Shule inaweza kuwa karibu na kwenu, kisha ikakutupa miezi miwili kwenye mji ambao huna hata rafiki wa kulala kwake.

Sasa mikopo, kwa sababu sheria ni mpya na ushauri wa waliomaliza 2020 umeshachacha. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026, mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa unafunika gharama yoyote, haupo tena kwa wanaoanza kukopa. Mwanafunzi wa shahada ya kitaaluma kama PharmD anaweza kukopa serikali ya shirikisho hadi dola 50,000 kwa mwaka na jumla ya dola 200,000. Kwa hiyo piga mstari mwekundu kwenye 50,000. Shule ambayo ada na maisha vinavuka hapo kwa mwaka, ziada italazimika kutoka mfukoni au benki binafsi, na benki itataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Kwenye familia zetu mdhamini huyo ni yuleyule mjomba, na jina lake linashikwa hata akihamia Arusha kustaafu.

Upande wa pili wa mizani: mshahara wa kati wa mfamasia Marekani ulikuwa dola 136,030 kwa mwaka 2023, kwa takwimu za idara ya kazi. Ni mshahara mzuri, lakini haukui kwa kasi ya ada. Mimi kipimo changu ni cha kizamani: deni lote la shule lisizidi mshahara wa mwaka mmoja wa mwanzo. Likizidi, rudi kwenye jedwali.

Nyumbani au mbali?

Pango la dola 1,000 kwa mwezi ni dola 48,000 kwa miaka minne. Kwa mwenye wazazi Houston au Fort Worth, kulala chumba chake cha zamani kunaweza kuokoa zaidi ya skolashipu yoyote atakayopewa. Kwa karatasi mjadala umekwisha.

Mpwa wangu, kifungua mimba wa dada yangu, alipata shule mbili: moja dakika 25 kutoka kwao, nyingine saa kadhaa mbali. Nilimshauri abaki, nikamwonyesha hesabu, nikajiona nimemaliza. Akaniambia, "Mjomba, hesabu yako haina bibi." Nikamuuliza bibi gani. Akanitajia wiki yake: kumpeleka bibi kliniki na kumtafsiria daktari, kuwachukua wadogo zake shuleni saa tisa, kujaza fomu za wageni waliofika juzi kutoka Kigoma, na Jumamosi jikoni kwa ajili ya kikao cha jumuiya. Ndani ya nyumba yetu binti mkubwa ni dereva, mkalimani na yaya, na hakuna anayemlipa wala anayemuonea haya. Tuliongeza safu ya saa kwenye jedwali. Alikuwa akitumia saa 20 kwa wiki, na mwaka wa kwanza wa famasia hauna saa 20 za kuazima.

Alienda mbali. Kwa kijana mwingine, ambaye mama yake anapika na kumwambia nenda kasome, ningesema abaki. Fanyeni kikao cha familia mapema, na kijana azungumze mbele ya wote: nikibaki, nani atampeleka bibi? Jibu lisipopatikana siku hiyo, usitegemee litapatikana wiki ya mitihani.

Hatua ya tano: masomo ya awali yasikurudishe nyuma

Yasome chuo cha jamii kama Houston Community College, Dallas College, Tarrant County au Amarillo College. Ni nafuu mno, na kozi za Texas zina namba za pamoja zinazotambulika jimbo zima. Utakutana na BIOL 1406, CHEM 1411 na 1412, kemia ya oganiki kwa CHEM 2423 na 2425, anatomia kwa BIOL 2401 na 2402, hesabu za calculus kwa MATH 2413 na takwimu kwa MATH 1342. Shule hazifanani: moja inataka fizikia, nyingine haitaki, moja inakataa sayansi uliyosoma zamani sana, nyingine haijali. Weka jedwali la pili la masomo, ujaze kutoka ukurasa wa kila shule.

Mwenye kozi kutoka nje azipeleke kutathminiwa kwenye shirika linalopima vyeti vya nje, kwa mfano WES, na aiulize shule kwa barua pepe kama inazikubali kama masomo ya awali. Zipo zinazokubali shahada yako ya Makerere kama shahada, halafu zinakutaka urudie kemia hapa hapa. Jibu litunze kwa maandishi.

Ukirudia kozi uliyofeli, chuo chako kinaweza kufuta alama ya kwanza. PharmCAS, mfumo wa maombi unaotumiwa na shule hizi, hauifuti. Unahesabu zote mbili. Wengi hushtuka kuona wastani wao umeshuka huko.

Wakati huohuo jisajili kama msaidizi mwanafunzi wa famasia ("pharmacy technician trainee") kwa bodi ya Texas, usajili unaodumu hadi miaka miwili, utafute kazi duka la dawa. Utalipwa, utapata mtu wa kukuandikia barua ya mapendekezo, na utajua kama unaweza kusimama saa kumi ukijibu simu za bima. Afadhali uikimbie kazi hii ukiwa huna deni.

Maombi na usaili

PharmCAS hufunguliwa katikati ya mwaka, kila mwaka. Omba mapema, na omba shule tatu hadi tano ambazo kweli ungeenda. Mtihani wa PCAT ulifutwa mapema 2024, hivyo anayekuuzia kitabu cha PCAT anakuuzia kuni. Siku hizi waombaji wamepungua kuliko muongo uliopita, shule zinawatafuta wanafunzi, na hilo ni nguvu mkononi mwako. Kupokelewa kusikulevye, jiulize kwa nini wanakutaka.

Siku ya usaili utapewa nafasi ya kuuliza. Usiulize kuhusu bwawa la kuogelea. Uliza mwanafunzi akifeli kozi moja kinatokea nini: anarudia kiangazi, au anangoja mwaka mzima? Mwaka wa ziada ni ada ya ziada na mshahara uliopotea. Uliza, kwa shule zenye kampasi zaidi ya moja, utasomea ipi miaka yote minne na kama wanaweza kukuhamisha. Kisha watafute wanafunzi wa mwaka wa tatu bila mwalimu kuwepo, uwaulize ni nani aliyeondoka darasani kwao na kwa nini. Wa mwaka wa kwanza bado wako fungate.

Barua zikishafika

Weka ofa kando kwa kando na uiandikie ofisi ya fedha ya shule unayoipenda zaidi: nimepata kiasi hiki kwingine, mnaweza kunisogezea? Sisi tumelelewa kuona haya kuomba punguzo ofisini, ilhali Kariakoo tunabishania bei ya nyanya. Hawatakunyang'anya nafasi kwa kuuliza kwa adabu, na nimeona kijana akiongezewa kwa barua ya mistari sita.

Amana ya kushikilia nafasi mara nyingi hairudishwi, kwa hiyo usiilipe mpaka ofisi ya usajili imekuthibitishia kwa maandishi kwamba umepangwa kuwa mkazi. Ukikuta umeandikwa mgeni, kata rufaa mara moja na nyaraka zote: mikataba ya pango, stabu za mshahara, marejesho ya kodi ya mzazi, vyeti vya sekondari. Fanya hivyo kabla ya muhula kuanza, kwa sababu baada ya siku ile ya kuhesabiwa unalipa bei ya mgeni muhula mzima. Shule ulizoziacha waandikie siku hiyohiyo, kuna mtu kwenye orodha ya kusubiri anayekesha na simu yake.